Mwenye Nyumba ya Baridi

Haya, kaeni tuzungumze, nyinyi walimu wapya mlioanza kushika chaki mwaka huu. Swali lenu nimelisikia. Mmeniletea mara tatu sasa, na juzi yule kijana anayesomesha Watamu akaja nalo na simu mkononi: "Bi Rukia, tutaijuaje insha iliyoandikwa na mashine?" Nikacheka hadi nikakohoa. Mwanangu, mashine hiyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na wasichana arobaini darasani, na wote arobaini waliamshwa na jogoo mmoja, wakachungulia dirisha moja, wakaliona jua lile lile likichomoza kwa madaha upande wa mashariki. Sentensi hizo niliwaandikia mimi ubaoni, kwa mwandiko wangu mzuri, kisha nikawapa alama kwa kunirudishia kama nilivyowapa. Leo mnaogopa simu!

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Malindi mjini. Nimesomesha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini, kwanza Tezo, kisha shule ya bweni ya wasichana kaskazini ya Malindi, na huko ndiko nilikostaafia. Najivunia kazi yangu na sioni haya kusema. Nikienda sokoni kununua papa, hakosekani mama atakayeniachia kigoda chake aniambie, "Mwalimu, kaa hapa, mimi ulinipa kumi na nne." Wanazikumbuka! Mtu amesahau siku aliyoposwa, lakini alama ya insha ya kidato cha tatu anayo kichwani. Kwa hiyo mnisikilize vizuri, maana mnachokiandika chini ya karatasi ya mtoto atakaa nacho miaka.

Zama zetu tulikuwa na kitu tukikiita mapambo. Pengine nanyi mnacho bado. Mtoto akitia tashbihi unapiga tiki. Akitia msemo, tiki. Akitia neno zito ambalo hata babake hajapata kulisikia, tiki mbili. Ukifika mwisho unahesabu tiki zako na alama umeipata. Kazi nyepesi hiyo, na ina raha yake, kalamu inakwenda yenyewe. Na kwa mapambo, wallahi, sikuwa na mpinzani. Nilikuwa na daftari nililolitia jalada la karatasi ya maua, na kila Jumatatu nikiwaandikisha wasichana mapambo kumi mapya wakayahifadhi. Walimu wa shule nyingine walikuwa wakituma watu waje kuliazima.

Dalili kwamba mambo si mazuri zilianza tangu Tezo, ila nilikuwa sizioni. Kulikuwa na mvulana mmoja, mtoto wa wakulima wa mihogo, aliandika juu ya moto ulioteketeza banda lao la mbuzi. Kisa cha kweli, majirani wote walikwenda kuzima. Naye akaanza hivi: "Ndege waliimba nyimbo tamu za kumsifu Muumba, nami nikajinyoosha kitandani kwa furaha isiyo kifani." Mbuzi wanaungua, yeye anajinyoosha! Nikampa tiki mbili. Mwenzake akasafiri kutoka Tezo kwenda Kilifi mjini, mwezi wa Februari, na njiani "baridi shadidi ikanipenya hadi kwenye uboho." Februari! Hapa kwetu Februari hata paka hulala chini ya mtungi. Nikapiga tiki moja ya "shadidi", moja ya "uboho", nikageuza ukurasa.

Na nikiri na hili, mcheke mmalize. Nilikuwa nikisahihisha popote, hata mezani kwenye chakula. Siku moja mchuzi wa papa ukadondokea karatasi ya msichana. Nilipomrudishia akaikodolea macho, kisha akauliza kwa adabu zake zote, "Mwalimu, na hapa ni alama ngapi?" Darasa zima likaangua kicheko, nami sikuwa na pa kujificha. Tangu siku ile sili nikisahihisha. Wala sisahihishi nikiwa na njaa, maana mwenye njaa huwa mkali bila kujijua. Mkitaka kuhakikisha, mkishamaliza rundo chukueni zile karatasi tano mlizoanza nazo, mzisome upya. Mtakuta mwanzoni mlikuwa wakali kama siafu na mwishoni mlikuwa mnagawa alama kama halua ya harusini. Na mtoto hana kosa kwa kuwa karatasi yake ilikaa juu.

Hilo la karatasi tano nilifunzwa na Mwalimu Karisa, mkuu wetu wa idara pale shule ya wasichana, Mungu amrehemu. Alikuwa Mgiriama mrefu, mpole, na suruali zake zote zina vumbi la chaki mfukoni. Kalamu zake akizitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo akilifunika. Basi huyo bwana alikuwa akisoma rundo zima la insha kopo likiwa limefunikwa vile vile. Asisahihishe, asome tu. Mara acheke, mara agune, mara asome kipande kwa sauti hata kama hakuna anayemsikiliza. Mimi nikimtazama nikisema moyoni, huyu mzee ana wakati wa kupoteza. Akishamaliza ndipo afunue kopo, na atoe kalamu ya risasi, si nyekundu.

"Bi Rukia," aliniambia siku moja, "nyekundu haifutiki, na mimi hukosea."

"Mimi sikosei sana, Mwalimu," nikamjibu.

Akatabasamu tu, akaendelea kusoma.

Yeye ndiye aliyetuanzishia Ijumaa ya Juu na Chini. Kila baada ya mtihani, siku ya Ijumaa, waliokwenda msikitini wakisharudi, idara yetu hukusanyika. Kila mwalimu analeta insha mbili, ile aliyoipa alama ya juu kabisa na ile ya chini kabisa. Jina limekunjwa, alama imefichwa. Karisa anazisoma zote mbili kwa sauti, pole pole, na sisi wengine kila mmoja anaandika alama yake kwenye kijikaratasi na kukifudikiza mezani. Kisha tunafunua. Sheria ilikuwa moja: alama za Kiswahili hazitoki idarani kabla ya Ijumaa hiyo kupita.

Na mimi nilikuwa nazitoa. Ndiyo, nilikuwa nikienda Ijumaa na insha zangu mbili kama wenzangu, lakini alama zilikuwa zimeshafika kwa naibu wa mwalimu mkuu tangu Jumatano. Nilipenda niwe wa kwanza. Naibu alikuwa akinisifu mbele ya walimu wote, "Muigeni Bi Rukia," nami nikarekebisha mtandio wangu kama sikusikia.

Sasa nije kwa Kadzo.

Kadzo alikuwa kidato cha pili, msichana wa Marereni, mwembamba, haongei sana. Mamake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi. Shule ilikuwa na kanuni ngumu wakati ule: mwanafunzi wa kidato cha pili akianguka Kiingereza na Kiswahili vyote viwili, anarudia darasa. Kiingereza Kadzo alikuwa ameshaanguka. Kiswahili ndicho kilichokuwa kimemshikilia. Na kwao walikuwa wamemwambia wazi kwamba akirudia hakuna shule tena, atakwenda kushika sepeto chumvini pamoja na mamake. Jambo hilo walimu wote tulilijua. Nililijua nami nilipoketi na karatasi yake mbele yangu.

Insha ilikuwa "Siku Nisiyoisahau". Nimeshasahihisha thelathini na kitu, nimechoka, jua limechomoza kwa madaha mara thelathini na kitu. Nikafika ya Kadzo. Haina jogoo. Haina ndege. Anasema mamake karudi kutoka chumvini, naye akampashia mafuta ya nazi ampake miguu. Halafu anasema alimsomea mamake insha aliyoiandika shuleni, insha ya mapambo, na mamake hakuipenda. Nilipofika hapo masikio yakaniwaka moto. Ati mama asiyejua kusoma ananikosoa mimi, mtoto wa Malindi! Kutoka hapo sikusoma tena, nilikuwa natafuta makosa. Nikaandika kwa nyekundu, kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka: "Umepotoka! Hakuna mapambo. Rudi kwenye daftari lako." Nikampa tatu kati ya ishirini.

Mniangalie vizuri hapa, wanangu. Siwaambii nilipitiwa. Siwaambii nilikuwa na rundo kubwa. Nilikasirika, na kwa hasira nikamnyima mtoto wa watu haki yake, nikijua kabisa tatu ile itamwangusha. Nikajiambia ni mwongozo unaosema hivyo, aliyepotoka apewe tatu.

Alama nikazipeleka Jumatano. Alhamisi orodha ikabandikwa ukutani.

Ijumaa nikaingia idarani na insha zangu mbili, kifua mbele. Tulikuwa watatu siku ile, Karisa, mimi, na Mwalimu Wanjala, mtu wa bara, kijana mnene mcheshi aliyekuwa mgeni shuleni. Karisa akaanza na ile ya juu yangu, ya msichana mmoja hodari wa kuhifadhi, niliyempa kumi na nane. Akasoma. Jua, jogoo, umande uliometameta kama lulu. Wanjala akapiga miayo, akajiziba mdomo haraka.

"Samahani, Bi Rukia. Ni joto."

Kisha Karisa akachukua ya pili. Mpaka leo ningeweza kuwasomea kwa ghibu, maana aliisoma kama mtu anayesoma barua iliyotoka kwao.

"Siku nisiyoisahau ni siku mamangu aliponiuliza nyumba ile ni ya nani. Alikuwa ametoka chumvini. Nilimpashia mafuta ya nazi nimpake miguu. Magaga yake yalikuwa yameingia chumvi, na ukiyagusa anauma midomo. Akaniambia, nisomee uliyoandika shuleni nisahau miguu. Nikamsomea insha niliyopata kumi na mbili. Niliposema kwamba baridi shadidi ilijaa nyumbani kwetu, akafungua macho. Akaniuliza, nyumba hii ni ya nani? Nikamwambia, ni yetu, mama. Akatazama ukuta, akatazama mlango. Akasema, mwanangu, mimi humo simo."

Karisa akageuza karatasi. Akamalizia mstari wa mwisho: "Mafuta yalikuwa yamepoa, nikayapasha tena."

Wanjala hakupiga miayo. Alisema tu, "Mwalimu, hebu soma tena pale pa magaga," na Karisa akasoma tena. Nami nikiwa nimekaa pale, nikaisikia kwa mara ya kwanza. Kweli nawaambia, nilikuwa nimeipa alama insha ambayo sikuisoma.

Tukafunua vijikaratasi. Ya jua na jogoo: Wanjala kaipa nane, Karisa tisa. Ya magaga: Wanjala kumi na saba, Karisa kumi na sita. Wote wawili wakanigeukia niseme mimi nilitoa ngapi. Nikarekebisha mtandio wangu. Karisa akakunjua pembe ya karatasi taratibu, akaona jina, akaona tatu, akaona ule mwandiko mwekundu uliotoboa. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza!

"Bado hujapeleka alama, sivyo?" akauliza.

"Nimepeleka tangu Jumatano."

Akasimama pale pale, tukaenda wote wawili kwa naibu. Tukamkuta anakunywa chai. Alipolisikia jina akaweka kikombe chini. "Kadzo? Kadzo ameondoka. Alisoma orodha jana, na leo asubuhi mamake kaja kumchukua na sanduku lake. Wanasema Jumatatu anaanza kule chumvini."

Jumamosi mapema nilikuwa Marereni. Karisa alitaka kunisindikiza nikamkatalia, kosa ni langu na miguu ni yangu. Nikaulizia, nikaonyeshwa. Kadzo alikuwa nje anaosha masufuria. Aliponiona akasimama, mikono inamchuruzika majivu na maji.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko?"

Mamake alitoka, mwanamke wa makamo, kichwani kilemba cha leso, anatembea kwa ubavu wa nyayo. Nikajua kwa nini. Akaniletea kiti, nikakataa kuketi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mazuri tu, ya mtoto wa Malindi, na yote yakaniruka.

"Mama Kadzo, nimekuja kwa kosa langu, si la mtoto. Nilimpa tatu kwa hasira. Haki yake ni kumi na sita. Hajaanguka. Nimekuja kuomba arudi."

Akaniangalia. Kisha akamgeukia binti yake. "Kadzo, huyu ndiye yule?"

"Ndiye, mayo."

"Lo! Kumbe ndiwe mwenye nyumba ya baridi!"

Akacheka huyo! Alicheka hadi akashika mlango, na Kadzo naye, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akainamia masufuria yake mabega yanamtikisika. Nilisimama pale katikati ya kiwanja cha watu na mkoba wangu, nachekwa. Mwisho nikacheka nami. Ningefanya nini?

Kicheko kilipokwisha, mama akawa mkavu. "Mwalimu, mimi sikusoma. Lakini mtoto huyu tangu jana hajatia kitu kinywani. Ungekuja Jumatatu usingemkuta. Sasa niambie. Atarudi, sawa. Na ukikasirika tena?"

Swali lile sijaulizwa na mkaguzi yeyote katika maisha yangu ya kazi. Ningeweza kumwapia kwamba sitakasirika. Ningekuwa mwongo, na yeye angejua.

"Nitakasirika," nikamwambia. "Mimi ni mwanamke wa hasira. Lakini jina lake sitaliona. Nitawaambia wote wakunje pembe yenye jina kabla sijaanza kusoma. Na alama zangu hazitatoka tena mpaka wenzangu wazisikie insha zangu."

Akafikiri. Akamwambia Kadzo, "Nawa mikono, ukavae sare."

Jumatatu nikabandua ile orodha ukutani kwa mkono wangu mwenyewe, mchana, wasichana wakinitazama. Naibu alitaka tuibadilishe kimya kimya wakiwa madarasani ili nisivunjiwe heshima. Nikamwambia hapana, tatu ilisomwa na shule nzima, na kumi na sita ionwe na shule nzima. Kisha nikaingia darasani nikawaambia nimekosea na nimekosea vipi. Nilidhani heshima yangu itakwisha. Mwe! Wiki ile nililetewa madaftari ya kusoma ambayo sikuyaomba, ya visa vya kwao, vya shangazi zao, vya minazi iliyoangukia paa. Daftari la mapambo tuliligeuza nyuma mbele, na kurasa tupu za nyuma ndizo tulizoanza kuandikia visa hivyo.

Basi mkiniuliza nasahihisha vipi, ndivyo hivyo. Nakunja jina. Mwandiko utaujua tu, msijidanganye, baada ya muhula mmoja unamjua mtoto kwa mkia wa herufi zake, na ndiyo maana lazima kuwe na mwenzako wa kukusikiliza. Nasoma mara ya kwanza bila kalamu. Ikinikasirisha naiweka kando, nakwenda kupepeta mchele, narudi. Makosa siyapigi mstari yote, nachagua aina moja au mbili mtoto azishughulikie, maana karatasi ikishakuwa nyekundu tupu mtoto haisomi, anaificha. Na pale chini siandiki "vizuri" wala "jitahidi". Jitahidi afanye nini, maskini? Naandika swali moja ambalo jibu lake analo yeye peke yake. Mamake Kadzo ndiye aliyenifunza hilo, ingawa yeye mwenyewe hajui kwamba alinifunza.

Na mapambo sikuyatupa, msije mkanisingizia huko shuleni kwenu. Kiswahili chetu cha pwani kina maneno matamu na mtoto ana haki nayo. Nikawaambia tu kwamba neno "shadidi" ni lenu, mtalitia pale mtakapokuwa mmeona kitu kilicho shadidi. Kadzo mwenyewe alikuja kulitumia kidato cha nne, akiandika juu ya mwanga wa jua juu ya chumvi nyeupe saa saba mchana. Mwanga shadidi. Pale nilipiga tiki, ya risasi, na nikaikoleza.

Sasa mna vigezo vyenu vipya. Mtoto hapewi tena kumi na sita, anapewa viwango: anazidisha matarajio, anafikia matarajio, anakaribia, yuko mbali. Mwanzoni nilivibeza, nikasema matarajio ya nani? Lakini nimevisoma na si vibaya, ila kigezo nacho hakisomi insha, atakayeisoma ni wewe.

Nimalizie na la juzijuzi, maana ndilo lililonifanya niwaite hapa. Mjukuu wangu Saumu yuko gredi ya nane, hapa Malindi. Akaja nyumbani kanuna, kanitupia karatasi mapajani. Insha, "Bibi Yangu". Chini imeandikwa: anakaribia matarajio.

Anakaribia! Mjukuu wa Bi Rukia! Aliyelelewa ndani ya nyumba hii, akanisikia mimi tangu yuko kwenye mbeleko! Nikainuka kutafuta buibui langu. Nikamwambia, "Hebu nipeleke kwa huyo mwalimu wako nikamuone ana pembe ngapi." Nimeshafika mlangoni ndipo nikakumbuka. Nimekasirika na sijaisoma. Nikarudi nikaketi.

Nikaisoma. Bibi yake ana nywele nyeupe pepepe kama pamba. Hutabasamu daima kama mwezi wa kumi na nne. Kila jioni humkalisha mjukuu miguuni pake akamsimulia hadithi za sungura na fisi. Jamani! Nywele zangu mimi natia hina, nyekundu, mnaziona wenyewe. Na jioni natazama taarifa ya habari na sitaki kusemeshwa. Nikaisoma mara ya pili. Nikaona pale chini, chini ya kile kiwango, mstari wa kalamu ya risasi: "Saumu, bibi huyu ni wa nani? Wa kwenu yukoje?"

Mwandiko ule niliujua kabla ya kufika kwenye saini. Nilijua anasomesha hapa mjini, ila sikujua kwamba amepewa darasa la Saumu. Nikavua buibui, nikalitundika. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, furaha tupu, kichwa changu kilikuwa kikubwa siku ile hata mlangoni kisingepita.

Saumu akashangaa. "Bibi, huendi tena kumsema mwalimu?"

"Nimseme kwa lipi? Alama yako ni hiyo hiyo. Anakaribia."

Akanuna zaidi, kisha akavuta mkeka akakaa. "Kwani wewe ukoje, Bibi?"

Nikamsimulia. Yote haya niliyowasimulia nyinyi, pamoja na mchuzi wa papa, na pamoja na ile tatu. Hiyo sikumpunguzia. Akaandika siku mbili, akifuta na kuandika, na hataki nichungulie. Siku ya tatu akaniletea. Mstari wa kwanza ulikuwa huu: "Bibi yangu aliwahi kumnyima mtoto wa watu alama kwa hasira, akaenda hadi kwao kuomba radhi, na kila akitusimulia akifika pale, sauti humkauka."

Nikaisoma yote bila kalamu. Nikairudia.

"Nibadilishe pale mwanzo?" akaniuliza, ananitazama usoni kwa wasiwasi.

"Usiguse hata nukta."

"Basi wewe ungenipa ngapi?"

"Mimi nimestaafu," nikamwambia. "Mpelekee Mwalimu Kadzo, na jina lako ulikunje. Ingawa huyo, mstari wa kwanza tu, atajua bibi ni wa nani."